Kusoma biolojia chuoni: mwongozo kwa mwanafunzi wa ukanda wa Ziwa, Magharibi na Nakuru

Jaribio langu la kwanza la biolojia ya seli chuoni lilikuwa la alama 30. Nilipata 11. Na si kwamba sikusoma. Noti zile nilizipitia mara tatu, nikapiga mstari karibu chini ya kila sentensi, na usiku wa kuamkia jaribio sikulala mpaka saa nane. Swali la kwanza lilitutaka tuchore utando wa seli, kisha tueleze kwa nini oksijeni huupenya bila msaada ilhali glukosi huhitaji protini ya kuivusha. Nilibaki nikiitazama karatasi. Maneno yote nilikuwa nayajua nikiyaona, lakini hakuna hata moja lililokuja lenyewe.

Siku hizi nafundisha biolojia katika shule ya upili, kaunti ya Vihiga. Wanafunzi wangu wa zamani hunipigia simu kutoka hosteli za Maseno, Kakamega, Njoro na Eldoret, mara nyingi wiki ya sita ya muhula wa kwanza, na kilio chao ni kimoja: "Mwalimu, nasoma lakini haiingii." Ninayowaambia ndiyo haya.

Hatua ya kwanza: jua umeitiwa nini

Kabla ya kufunga godoro na sanduku, soma jina la kozi kwenye barua yako neno kwa neno. Shahada ya sayansi katika biolojia si sawa na shahada ya ualimu wa sayansi, na zote mbili si sawa na sayansi ya maabara ya tiba. Anayetaka kupima damu hospitalini lazima apitie kozi inayotambuliwa na bodi ya wataalamu wa maabara za tiba. Shahada ya biolojia peke yake haimpeleki huko. Anayetaka kufundisha shule ya upili atadaiwa na TSC, tume inayoajiri walimu, masomo mawili ya kufundishia, akiwa na C+ katika kila moja kwenye mtihani wa KCSE, pamoja na mafunzo ya ualimu. Nimeona kijana akigundua haya akiwa mwaka wa tatu, na nilimhurumia sana. Ikiwa kozi uliyopewa siyo uliyokusudia, KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, hufungua dirisha la kuhama. Shughulikia jambo hilo mapema, usingoje mpaka umeshazoea marafiki.

Hatua ya pili: vifaa

Hapa usitumie pesa nyingi. Koti jeupe la maabara liwe la pamba, kwa sababu nailoni ikikaribia moto huyeyuka na kugandia ngozini. Viatu viwe vya kufunika vidole. Nunua penseli mbili, HB na 2H, kichongeo, kifutio kizuri, rula inayopenyeza mwanga na daftari kubwa la karatasi zisizo na mistari. Seti ya kupasulia na koti unaweza kuvipata kwa bei nafuu kutoka kwa wanaomaliza mwaka wa nne. Tazama mbao za matangazo karibu na hosteli. Kitu kimoja ambacho wengi hukidharau ni lenzi ya mkono inayokuza mara kumi. Yangu imekaa mfukoni miaka yote hii, na bado naitumia kutazama chini ya majani ya sukuma wiki.

Hatua ya tatu: fanya urafiki na hadubini

Wanafunzi wengi hufika chuoni wakiwa wameigusa hadubini mara chache tu, darasa zima likipanga foleni nyuma ya moja. Usione haya. Fika kwenye kipindi cha vitendo dakika kumi kabla ya wengine, umwombe fundi wa maabara akuonyeshe. Hao mafundi wanajua mengi kuliko wanavyopewa heshima. Msalimie, mjue kwa jina, na mwisho wa kipindi umwachie meza safi.

Anza na kitunguu. Kikate vipande vinne, chomoa ganda moja nene la ndani, kisha kwenye upande wake ulioingia ndani ubandue ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara. Itandaze kwenye tone la maji juu ya slaidi, udondoshee aidini. Kioo chembamba cha kufunikia usikitupe tu juu yake: kisimamishe kwa ubavu kwenye ukingo wa tone, kisha ukilaze polepole kwa ncha ya sindano ili hewa itoke. Ukikosa subira hapo utapata viputo, na kiputo cha hewa ni duara zuri lenye ukingo mweusi mnene. Kila mwaka kuna anayekichora kwa bidii na kukiita seli.

Daima anza na lenzi ya chini iliyo fupi kabisa. Gurudumu kubwa la kurekebishia linatumika hapo tu. Ukishahamia lenzi ndefu tumia gurudumu dogo pekee, la sivyo utavunja slaidi na pengine kukwaruza lenzi ambayo idara haina pesa ya kununua nyingine. Lenzi ya mara 100 hutaka tone la mafuta yake maalumu. Ukimaliza, ifute kwa karatasi ya lenzi, wala si kwa pindo la koti.

Sasa jambo linalowapotezea wengi alama. Weka rula ile inayopenyeza mwanga chini ya lenzi ya mara 4 uhesabu upana wa duara unaloliona. Tuseme ni milimita 4.5. Ukihamia lenzi ya mara 40, duara hilo hupungua mara kumi, likawa milimita 0.45. Ukiona seli mbili za kitunguu zimejipanga kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo, basi kila moja ina urefu wa karibu milimita 0.22. Ukiichora seli hiyo kwenye daftari ikawa na urefu wa milimita 110, gawanya 110 kwa 0.22, upate 500. Mchoro wako umekuza mara 500. Wengi huandika 400 kwa sababu hadubini ilikuwa imewekwa hapo (lenzi ya mara 40 kwa lenzi ya jicho ya mara 10), lakini 400 ni ukuzaji wa hadubini, na swali huuliza ukuzaji wa mchoro. Ukilielewa hili wiki ya kwanza, litakubeba miaka yote minne.

Mchoro wenyewe uwe mkubwa, mistari yake iwe mmoja mmoja, mikali, bila kukwangua-kwangua na bila kutia kivuli. Mistari ya majina ipigwe kwa rula na isipishane. Na chora unachokiona wewe, hata kama hakifanani na cha kitabuni.

Hatua ya nne: karatasi tupu

Hapa ndipo mwongozo wote ulipo, na hata ukisahau mengine yote, hili lishike.

Baada ya zile alama 11 niliacha kusoma noti mara tatu. Nilianza kufanya hivi: siku ileile ya mhadhara, baada ya chakula cha jioni, nachukua karatasi tupu, noti zimefungwa, nachora na kuandika kila ninachokumbuka. Mwanzoni ilikuwa mistari minne tu. Inaumiza, na ni lazima iumize, kwa maana akili inatafuta. Nikishakwama ndipo nafungua noti, nachukua kalamu nyekundu na kujaza palipopungua. Siku ya tatu narudia kwa karatasi nyingine tupu. Baada ya wiki moja, tena. Wekundu unapungua kila mara, na unaona kwa macho yako mwenyewe ni wapi hujui. Kusoma noti mara kumi hakuwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu kila ukisoma unaona kama unajua.

Nilipouchora utando wa seli kwa njia hiyo, jibu la lile swali lilikuja lenyewe. Katikati ya utando ni tabaka la mafuta. Oksijeni ni ndogo na haina chaji, hivyo hupenya. Glukosi ni kubwa na hupenda maji, kwa hiyo mafuta huizuia mpaka protini iliyopachikwa utandoni iifungulie njia. Ni sentensi tatu tu, lakini mchoro ndio uliozizaa.

Jambo la pili katika hatua hii: eleza kwa lugha yako. Mihadhara ni ya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, nami sikwambii uvikimbie. Lakini mara nyingi mtu hukariri sentensi ya Kiingereza bila kuielewa, na sentensi hiyo inamfunika ujinga wake mwenyewe. Mweleze mwenzako wa chumbani mgawanyiko wa seli kwa Kiswahili, Kiluo au Kiluhya. Utakapokwama, hapo ndipo hukuelewa. Kiswahili chenyewe kina maneno yanayojieleza. Usanisinuru ni usanisi, yaani kuunda, kwa nuru. Vimelea ni viumbe vinavyomelea mwili wa kiumbe kingine. Hata majina ya Kigiriki hufunguka vivyo hivyo: haima ni damu, fagein ni kula, na lisisi ni kufunguka au kuvunjika. Ukijua mizizi 40 au 50 ya namna hiyo, maneno marefu yatakoma kukutisha.

Hatua ya tano: nenda sokoni

Fomalini ya maabara hufanya kila kiungo kiwe na rangi moja ya kijivu. Ukitaka kujua samaki alivyo, nunua aliyevuliwa leo. Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi nikinunua ngege, yaani tilapia, ufuoni Dunga, Kisumu.

"Mama, naomba ngege mmoja, usimpasue."

"Usimpasue? Utaenda na matumbo yake?"

"Ndiyo, mama. Ni wa masomo."

Alinitazama, akamrudisha karaini yule aliyekuwa amemshika, akachagua mwingine. "Basi chukua huyu, mwanangu. Macho yake bado yanang'aa. Yule wa jana utakuta nyongo imepasukia ndani na kila kitu kimekuwa kijani."

Alikuwa sahihi kabisa, na ushauri wake ungepaswa kuandikwa katika mwongozo wa maabara.

Mlaze samaki ubavu. Inua kifuniko cha shavu uhesabu matao ya matamvua: manne kila upande, mekundu, yenye nyuzi laini kama brashi. Wekundu huo ni damu iliyo karibu kabisa na maji, na ndipo oksijeni inapoingilia. Kisha chukua mkasi, anzia kwenye tundu la haja uelekee kooni, ncha ya mkasi ukiiinua juu ili usitoboe matumbo. Nyuma tu ya matamvua, upande wa chini, utaukuta moyo. Ni mdogo kuliko ulivyotarajia, una chumba kimoja cha kupokea damu na kimoja cha kusukuma. Damu yote inayosukumwa huenda kwenye matamvua kwanza. Ukiona ulivyo karibu nayo hutauliza tena kwa nini.

Baada ya hapo fungua utumbo polepole na uunyooshe kando ya uzi. Samaki wangu alikuwa na sentimita 24, na utumbo wake ulipita mita moja. Nikarudi kununua matumbo ya mbuta, yaani sangara, ili nilinganishe, nikakuta utumbo mfupi ajabu kwa samaki mkubwa namna ile. Ngege hula miani na mabaki ya mimea, chakula kigumu kumeng'enya kinachohitaji safari ndefu. Mbuta hula samaki wenzake, na nyama humeng'enyeka upesi. Kuanzia hapo nenda kwenye historia ya ziwa lenyewe. Mbuta hakuwa mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliletwa na watu miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 wale samaki wadogo wanaoitwa fulu, waliokuwa wa mamia ya spishi, walikuwa wamepungua vibaya. Mada tatu za mtaala, mmeng'enyo, mageuko na ikolojia, zimo ndani ya karai moja la samaki. Ukimaliza, ngege mle, hatapotea bure.

Hatua ya sita: jenetiki, na hesabu zake

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Usianze na njegere ambazo Mendel alizitumia kugundua kanuni za urithi. Anza na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi wetu tunauita siko seli, kwa kuwa karibu kila darasa la ukanda wa Ziwa lina mtu mwenye ndugu aliye nayo. Mwenzangu wa chumba hosteli alikuwa nayo. Msimu wa baridi viungo vyake vilimuuma hadi alfajiri, nami nilimchemshia maji na kukaa naye. Nilijifunza kutouzungumzia ugonjwa huo darasani kama fumbo la hesabu tu.

Chanzo chake ni badiliko la herufi moja katika jeni ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Asidi amino ya sita katika mnyororo wa beta, ambayo huwa asidi glutamiki, inakuwa valini. Kwa sababu hiyo hemoglobini hushikana oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu hujikunja kama mundu. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja kwa kawaida huishi bila kuugua, na tena hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Aliyegundua uhusiano huo ni Anthony Allison, aliyekulia hapahapa Kenya, upande wa Gilgil. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akaona jeni hiyo ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Viktoria, lakini ni adimu nyanda za juu. Akajiuliza ni nini kinachofanana kati ya pwani na ziwa. Jibu lilikuwa mbu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1954.

Sasa hesabu. Tuseme katika jamii fulani jeni ya S ni 0.1 ya jeni zote za aina hiyo, na ya kawaida, A, ni 0.9. Wenye AS, yaani A moja na S moja, ni 2 × 0.9 × 0.1, yaani 0.18. Wenye SS ni 0.1 × 0.1, yaani 0.01. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, 180 wana jeni moja ya S na 10 wana ugonjwa. Kanuni nzima ya Hardy na Weinberg ndiyo hiyo. Ifanye kwa namba nyingine tano, kisha ujiulize: malaria ikitoweka kabisa, namba hizo zitaelekea wapi baada ya vizazi vingi? Ukiweza kujibu hilo kwa maneno yako, umeelewa uteuzi asilia.

Hatua ya saba: nyanjani

Beba kijitabu cha mfukoni na penseli, kwa kuwa wino hufutika ukilowa. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya anga, halafu ulichokiona. Usiandike "ndege wengi". Hesabu, hata kama ni kwa kumi kumi. Msitu wa Kakamega ni masalio ya msitu wa mvua uliounganika zamani na misitu ya Kongo, ndiyo maana una mimea na ndege usiowapata kwingine Kenya. Usichume wala kukamata kitu bila kibali.

Ukiwa Nakuru, nenda ziwani uulize swali moja tu: flamingo walienda wapi? Flamingo mdogo hula kiumbe cha hadubini kiitwacho Arthrospira, kinachositawi kwenye maji ya magadi. Katika miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yalipanda sana, magadi yakazimuliwa, chakula kikapungua, na makundi makubwa yakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Chora mnyororo huo kwa mishale kwenye karatasi tupu, toka mvua hadi ndege.

Tahadhari moja ya kweli: usiingie Ziwa Viktoria wala vijito vyake miguu mitupu kukusanya konokono. Lava wa kichocho hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Vaa gambuti na glavu, na muulize mvuvi kama kuna kiboko karibu.

Hatua ya nane: tafuta mahali pa mafunzo mapema

Tuna bahati ya kuwa karibu na kazi halisi. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, iko Kisian, nje kidogo ya Kisumu, na hushughulika sana na malaria. KMFRI ina kituo Kisumu cha utafiti wa samaki. Njoro kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, ambako aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa kupimwa kama zinastahimili ugonjwa wa kutu ya shina. Mbita kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi wa wadudu Thomas Odhiambo. Huko ndiko ulikokuzwa ule mtindo wa kupanda mmea wa desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia pembezoni: desmodiamu hufukuza nondo wa kitoboa-shina na kudhoofisha gugu la kayongo, nayo nepia humvuta nondo nje ya shamba. Wakulima wengi wa Siaya na Vihiga wanaufahamu, kwa hiyo nenda kwanza ukauone shambani kwa jirani.

Barua ya kuomba nafasi ipeleke miezi minne au mitano kabla, kwa mkono ukiweza, ukiwa na nakala ya pili ya kupigiwa muhuri wa kupokelewa. Usiandike kwamba una bidii na nidhamu. Kila barua inasema hivyo. Andika unachoweza kufanya: kuandaa slaidi, kupima ukubwa kwa hadubini, kupasua samaki bila kutoboa nyongo, kuweka rekodi za nyanjani. Ambatisha mchoro wako mmoja ulio bora, wenye ukuzaji uliokokotolewa sawasawa. Baada ya wiki mbili rudi na ile nakala yenye muhuri, usalimie mapokezi, uulize imefika meza ya nani.